Filta Iliyohama Mahali Pake

Jumatatu, 9 Juni

Leo nimebadilisha oili ya pikapu. Nimeoga mara mbili na bado nanuka kama kituo cha mafuta. Aliyeiunda pikapu hii alikuwa na chuki na binadamu. Filta kaificha chini ya injini, nyuma ya chuma, mahali ambapo mkono wa mtu mzima hauingii ila kwa kuchubuka. Unalala chali. Unapapasa. Unaifungua. Oili yote iliyobaki inakuteremkia kiganjani, kwenye kiwiko, mpaka kwapani. Kwapani! Kila mara!

Nikiwa katika hali hiyo akapita shemeji yangu, kaka wa mke wangu, na kikombe cha chai mkononi. Chai iliyopikwa kwangu, kwa majani yangu. Akainama akaniuliza kama ndiyo naoga au bado nasubiri maji yapate moto. Huyu wanamwita Injinia. Anauza magodoro! Jina alipewa na Mama Mkwe, siku alipoipiga kofi redio yake ikaanza kuimba. Tangu hapo yeye ni Injinia, na mimi mwenye boksi zima la spana ni "yule mume wa binti yangu".

Jioni mke wangu katoa tangazo. Jumamosi Mama anahamia nyumba mpya, na kabati lake kubwa halina pengine pa kupanda ila kwenye pikapu yangu. Mara ya mwisho ilimzimikia katikati ya daraja, akashuka na mwavuli wake akamalizia kwa miguu. Ikimwangusha tena, kasema, inauzwa. Nikauliza nani atainunua. Akasema kaka yake amekuwa akiiulizia.

Injinia! Kwenye kiti changu! Abebe magodoro humo! Labda niwe nimekufa.

Jumanne, 10 Juni

Nimepata dawa yake. Kwenye duka la spea wana kitu cha ajabu. Kisahani cha chuma unakifunga pale ilipokuwa filta, mipira miwili inatoka hapo, na filta yenyewe unaifunga kokote unakotaka. Oili inakwenda kwa mpira mmoja, inachujwa, inarudi kwa mwingine. Kokote! Mtu anabadilisha filta akiwa amesimama, shati jeupe, kikombe mkononi.

Mipira ilikuwa mirefu sana. Muuzaji kaniambia nifunge filta mbele, karibu na betri, halafu nikate kilichozidi. Nikate? Mpira mpya, nimeununua sasa hivi, niukate? Nilimtazama yule mtu nikamhurumia.

Nimeshinda uani nikipima. Mpira unafika kwenye betri. Unafika kwenye taa. Na ukiupitisha kwenye lile tundu la nyaya, unatokeza ndani kabisa, mbele ya kiti cha abiria! Nikakaa kwenye kiti hicho muda mrefu, nimekunja nne, nikijisikia vizuri. Hakuna mtu duniani, wala hao waunda magari na digrii zao, aliyewahi kufikiria kubadilisha filta akiwa ameketi, kivulini, redio ikiimba. Mimi nimefikiria.

Mama Mkwe kaja kuulizia maboksi ya kuhamia. Kama kawaida yake akaanzia jikoni. Mama huyu hawezi kuona kitu chenye kifuniko akakipita. Kafungua sufuria. Kafungua kopo la sukari. Kafungua chupa ya chai akanusa. Kafungua hata boksi langu la spana, akalichungulia, akalifunga kwa huzuni. Mke wangu anasema ni mazoea tu ya mtu aliyelea watoto wengi. Mimi nasema ni upelelezi.

Jumatano, 11 Juni

Siku mbaya. Si kosa langu.

Asubuhi nilitoa filta ya zamani (kwapani, kwa mara ya mwisho!). Nikafunga kisahani, nikapitisha mipira, nikatoboa matundu chini ya dashibodi na kuifunga filta mpya pale mbele ya kiti. Kazi safi. Filta nimeikaza kwa mkono tu, bila spana, maana hiyo ndiyo fahari ya mpango wote: hata bibi kizee anaweza kuifungua. Nikapiga starti.

Oili ikatoka chini ya injini kama imefukuzwa. Ikafuata mteremko wa ua, ikapita chini ya kiti cha plastiki, ikaenda moja kwa moja mpaka kwenye shuka za mke wangu alizokuwa amezirundika chini akingoja kuzianika. Shuka nyeupe! Ua wote huu, na oili ikachagua shuka! Nilipofika kuzima injini, mwenyewe alikuwa keshafika. Sitaandika aliyoyasema.

Fundi wa kona naye kaja, kafuata kelele. Mtu huyu hula karanga kutwa nzima na hulicheka kila gari kabla ya kuligusa. Akaingiza mkono kule juu, akatoka na pete ya mpira, nyeusi, imekauka. Kasema ni ya filta ya zamani, ilibaki imegandia pale, na mimi nikafunga kisahani juu yake, pete juu ya pete, ndiyo maana hapakushika. Akacheka mpaka karanga zikampalia. Vizuri sana! Nilitamani zimpalie zaidi. Na nani aliyeruhusu pete zigande? Filta ikiondoka iondoke na vitu vyake vyote. Hilo ni kosa la kiwandani na nitamwandikia mtu.

Alhamisi, 12 Juni

Pete nimeiondoa. Oili mpya nimejaza. Nikawasha. Hakuna tone lililodondoka! Lakini taa nyekundu ya oili ikawaka kwenye dashibodi na kukataa kuzimika. Nikazima, nikawasha. Ipo. Nikaigonga kwa kidole. Ipo. Nikaipiga kofi, kwa njia ya Injinia. Wapi!

Fundi wa kona, ambaye hakuna aliyemwita, akasema kutoka upande wa pili wa ukuta kwamba nimegeuza mipira. Wa kwenda nimeufunga pa kurudi, kwa hiyo oili inaiingia filta kwa nyuma, na filta inaizuia. Nikamjibu kwamba mipira yote miwili ni myeusi, ina urefu mmoja, nimeinunua siku moja duka moja, kwa hiyo haina cha kugeuka. Akaondoka bila kuaga, kwenda kununua karanga nyingine.

Taa nimeibandika tepu nyeusi, ile ya mafundi umeme. Sasa haionekani. Tatizo limekwisha.

Jioni Injinia akaja kuchungulia. Akaiona filta yangu pale ndani, nyeupe, inang'aa, akauliza kama ni kopo la kutemea mate. Mke wangu kacheka! Mke niliyemuoa, mbele ya macho yangu, kashika ukuta kwa kicheko! Walipoingia ndani kula, mimi nikabaki nje na nikaibadilisha mipira, kimyakimya na kwa sababu zangu mwenyewe. Mngurumo wa injini ukawa laini. Fundi hana haja ya kujua. Tepu nimeiacha hapo hapo. Taa imenidhalilisha mbele ya watu, sina haja na maoni yake tena.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeiosha pikapu. Nimeizungusha mtaa mzima, haikuvuja hata kidogo. Nimemwonyesha kinyozi ile filta. Kasema maisha yake yote hajawahi kuona kitu kama hicho. Nimemshukuru.

Baada ya kula mke wangu kaniuliza, safari hii kwa sauti ya chini, kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika. Akasema basi vizuri, kwa sababu Mama kawaambia ndugu wote kwamba kabati nitalibeba mimi. Injinia alijitolea kutafuta lori, na Mama akakataa. Alinitaja mimi. Kwa jina langu!

Nimetoka nje nikaiosha pikapu mara ya pili.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika nikiwa nimekasirika, na nina haki.

Kila kitu kilikwenda sawa! Kabati lilipanda na kufungwa kamba. Mama Mkwe akakaa mbele na mkoba wake mapajani. Injinia akatufuata na kigari chake, kabeba mto mmoja na taa ya mezani, akijifanya ndiye anayeongoza msafara. Njiani Mama akasema miguu inapata joto zuri, na magoti yake, yaliyomtesa tangu wiki iliyopita, yametulia. Akauliza kama gari la Injinia lina kitu hicho. Nikasema hapana, Mama, la Injinia halina. Sijawahi kusema maneno matamu kama hayo tangu nizaliwe.

Lango la nyumba mpya tulilikuta limefungwa. Nikashuka kulifungua, injini nikaiacha inanguruma. Komeo lilikuwa gumu. Injinia huko nyuma anapiga honi, anapiga honi. Na ndani ya pikapu kabaki Mama Mkwe peke yake, na mbele yake kopo jeupe, lenye joto, asilojua ndani yake mna nini.

Alilifungua.

Bila shaka alilifungua! Kwa mkono tu, bila spana, kama nilivyokusudia. Nilisikia ukelele, nikageuka, nikaona kioo cha mbele kimekuwa cheusi kwa ndani. Mlango ukafunguka. Mama akashuka polepole, oili inamchuruzika mpaka kwenye viatu, filta kaishika mkononi. Bahati nzuri ilikuwa vuguvugu tu, hakuungua. Akanikabidhi. Akasema alidhani nimembebea supu.

Mtu mwingine angezima injini hapo. Lakini Injinia alikuwa keshashuka, kajishika kiuno, anatazama! Nilishushe kabati barabarani, mbele yake? Nikaruka ndani, nikairudisha filta kwa mkono unaoteleza, nikatia gia. Palikuwa karibu sana, hatua chache tu! Injini ikatoa sauti ya vijiko vinavyotikiswa ndani ya ndoo. Kama taa iliwaka sijui, ilikuwa na tepu. Pikapu ikasimama katikati ya lango, nusu ndani, nusu nje, na kabati halipiti kulia wala kushoto. Wanaume wa mtaa mzima wakalipitisha juu ya ukuta. Injinia akatoa amri. Fundi wa kona, sijui hata alifikaje, akaleta karanga.

Sasa nauliza, na nataka jibu: mwenye kosa ni aliyeifunga filta au aliyeifungua? Mke wangu hakutaka kujadili. Alikuwa anampangusa mama yake kwa pazia. Alisema neno moja tu, "Inauzwa."

Nilikaa kwenye kiti changu pale langoni mpaka walipokuja kuikokota. Niliipenda pikapu ile. Hilo naliandika mara moja, na nisiulizwe tena.

Jumapili, 6 Julai

Fundi wa kona kaifufua injini. Filta kairudisha mahali pake pa zamani, kule kwenye mateso. Pikapu sasa inalala uani kwa Injinia, imeandikwa MAGODORO ubavuni kwa herufi mbaya.

Nimepita hapo leo kwa bahati tu, kama jana na juzi. Injinia alikuwa chini yake, chali, anabadilisha oili. Mimi nilikuwa na kikombe cha chai alichonipa mkewe. Chai yake, majani yake! Nikainama nikamuuliza kama ndiyo anaoga au bado anasubiri maji yapate moto.

Hakucheka. Akatoka huko chini mkono mweusi mpaka kwapani, akaketi, akamtukana aliyeiunda pikapu ile kwa maneno ambayo ningeweza kuyatunga mimi. Nikajikuta nampenda kidogo. Kisha, akitazama pembeni, akauliza kile kisahani na ile mipira nilivitupa au vipo. Vipo! Chini ya kitanda! Akasema si yeye tu anayeuliza. Mama naye maumivu ya magoti yamemrudia, na kila akipanda gari anauliza lile joto liko wapi.

Nimerudi nyumbani karibu kukimbia. Mpango wangu haukuwa na kasoro hata moja, ila kopo liliachwa wazi mbele ya macho ya Mama. Safari hii litakaa chini ya kiti chake, joto limpande kutoka chini, na kifuniko asikione kabisa. Nimeshapima kwa macho, panatosha. Tepu nayo bado ipo kwenye taa, hakuna aliyeibandua. Mke wangu kauliza natafuta nini chini ya kitanda. Nimemwambia viatu.

Injinia alikuwa na wasiwasi mmoja tu, kama mipira itafika huko. Nimemwambia inafika na kubaki, kwa sababu mimi sikukubali kuikata.