Redio Koli Nane na Kabati Lililoimba

Jumatatu, 2 Juni 2025, Sumbawanga

Baridi kali. Upepo umeingia ghalani tangu asubuhi na kupeperusha stakabadhi zangu hadi barabara ya Kizwite. Kikao cha dharura! Mama Silvana, mwenye kampuni, alikaa juu ya gunia la mahindi na kitenge chake mabegani, hakumwangalia mtu usoni. Alisema Leonsi dereva ameteremka na lori hadi Wampembe kuchukua dagaa, akakuta ziwa limechafuka siku ya tatu na mitumbwi yote imepandishwa mchangani. Karudi mikono mitupu. Mzee Kasimiri, mnunuzi wetu wa kule, alikuwa anajua yote. Ila hakuwa na namna ya kutuambia, na sisi hatukuwa na namna ya kumuuliza.

Uamuzi wa Mama: wafanyakazi wote wanane wawe na njia moja ya kuwasiliana. Mipango italetwa na watu wawili: mimi, mtunza stakabadhi, na Asnath, karani wa ghala. Majaribio Jumamosi. Lori litasubiri juu ya mteremko saa kumi jioni, na tuone ni mpango wa nani utakaomwambia Leonsi ashuke au asishuke. Mshindi atakuwa Msimamizi wa Mawasiliano na atahamia chumba cha mashariki. Kile chenye jua! Atakayeshindwa atakwenda Wampembe miezi mitatu kumsaidia Mzee Kasimiri.

Wampembe! Joto, mbu, na maji mpaka macho yachoke. Mimi ni mtu wa nyanda za juu, nilizaliwa na sweta. Kuogelea sijui.

Jioni, kwenye sala ya jumuiya mtaani kwetu Izia, nimewaombea wasimamizi wote wa mawasiliano duniani, kisha nikainama kwa unyenyekevu. Watu wameelewa. Mke wangu Rozina aliniuliza njiani kama nimeshapata hicho cheo. Nikamwambia ni suala la siku tu.

Jumanne, 3 Juni

Situlii. Nimenyanyuka mezani mara kumi na moja kuchungulia anachofanya Asnath. Anaandika kwenye daftari la shule, lile la kurasa arobaini na nane! Anamuuliza kila mtu anatumia laini gani, akiwa wapi inashika, na akiwa wapi inakata. Alipokwenda kupima magunia nililifungua. Nimesoma hivi: Leonsi, laini mbili, moja inashika mpaka juu ya mteremko. Mzee Kasimiri, mtandao hana nyumbani, anapanda jiwe lililo nyuma ya kanisa kila siku saa kumi. Luciana wa mizani, simu yake haisikiki mpaka aipige kofi.

Huu ni mpango au ni umbeya? Nimecheka peke yangu, Luciana akaniuliza kama nimekula.

Mchana nikaenda mjini dukani kwa Jastin, mshikaji wangu wa tangu shule ya msingi. Nilitaka simu janja nane. Jastin akasema simu janja ni za wanafunzi wa chuo, mtu wa hadhi yangu anahitaji redio koli. Akatoa moja. Nyeusi! Nzito! Ina mkia! Inatumia laini ya simu: unabonyeza kitufe, unazungumza, wote wanasikia kwa pamoja. Ukiachia kitufe, anayefuata anabonyeza. Nikaitundika kiunoni, nikajitazama kwenye kioo cha kinyozi wa jirani. Askari mtupu.

Jastin ameniazima nane kwa wiki moja. Nikishinda, kampuni inazinunua. Nikishindwa, alisema, hanijui.

Jumatano, 4 Juni

Mafunzo ghalani. Niliwapanga wafanyakazi kwa mstari, kila mmoja na redio yake, nikasimama mlangoni nikasema kwa sauti ya chini: Luciana, Luciana, unanipata?

Luciana akaweka redio juu ya mizani, akapiga goti, akapiga makofi kwa taratibu kama anavyomsalimia mtu yeyote anayemheshimu, ndipo akaanza kuzungumza. Hakuna kilichosikika! Mikono yote miwili ilikuwa kwenye makofi, kitufe kimebaki peke yake. Mizani ikasoma gramu mia nne.

Nikamweleza kwamba kitufe kinataka mkono. Akaniuliza makofi atayapiga kwa mkono gani sasa. Nikamwambia kwenye redio hakuna makofi, wala hakuna salamu, ni kazi tu. Weee! Ghala zima likanigeukia. Luciana akasema yeye amelelewa, na hawezi kumrukia Mzee Kasimiri kwa maneno ya dagaa kama anaita mbuzi. Wabebaji wakamuunga mkono. Leonsi, ambaye siku zote ni "mambo, poa", naye akasema babu yake angesikia angefufuka.

Nikafuta kanuni. Kiongozi lazima awasikilize watu. Hata hivyo salamu ni dakika ngapi? Mbili?

Alhamisi, 5 Juni

Siku njema! Asubuhi nimepeleka redio ya Mzee Kasimiri kwa gari la abiria, pamoja na maelekezo kurasa sita. Asnath hayupo. Ameomba siku mbili azunguke vijijini kupima mtandao na wanunuzi wetu wa mahindi. Azunguke tu.

Wazo limenijia nikiwa nakunywa chai. Watu hawawezi kuizoea redio huku wana simu zao za vitufe, viswaswadu, mifukoni. Na bila viswaswadu, mpango wa Asnath utapita wapi? Nimetangaza ukaguzi wa simu. Nimezikusanya zote, hata ya Leonsi, nikazifungia kwenye kabati la chuma, ufunguo nikauvaa shingoni pamoja na rozari. Nimewaambia watazipata Jumatatu zikiwa zimekaguliwa. Luciana aliuliza zinakaguliwa nini. Nikamwambia ni mambo ya ndani ya ukaguzi.

Mwenye wivu ajinyonge.

Ijumaa, 6 Juni

Kabati linaimba. Tangu saa mbili asubuhi! Kwaya, bolingo, jogoo, na sauti ya mtoto inayosema "mama pokea simu". Ya Luciana haiimbi, inagonga. Nimelifunika kwa magunia manne. Sasa linaimba kwa mbali, inatia huzuni zaidi.

Kichwa kinauma. Nimezunguka ghala mara ishirini. Jastin amepita kuangalia redio zake, akakuta moja inatumika kuzuia mlango usipigwe na upepo. Nimemwahidi haitatokea tena.

Nyumbani Rozina amenuna. Anasema amenipigia siku nzima kuniambia unga umekwisha. Kumbe na simu yangu mwenyewe nimeifungia humo! Tumekula viazi. Nikamweleza kwamba kwenye chumba chenye jua nitakuwa nasikia simu zote. Akasema jua halipokei simu.

Jumamosi, 7 Juni

Naandika yote kama yalivyotokea.

Saa tisa na nusu wote tuko ghalani. Mama Silvana amekaa juu ya gunia, redio mkononi. Leonsi yuko na lori juu ya mteremko, anasubiri neno. Asnath amerudi kutoka vijijini ana vumbi mpaka kope. Akaeleza mpango wake kwa maneno machache, sijawahi kuona mpango mfupi vile: Mzee Kasimiri atambipu Leonsi, yaani simu iite mara moja akate. Bipu moja, dagaa wapo, shuka. Bipu mbili, usishuke. Kwisha! Nilimhurumia kabisa.

Saa kumi kamili redio ikakoroma. Mzee Kasimiri amefika jiweni! Nikavuta pumzi nimuulize habari za dagaa. Luciana akaniwahi. Shikamoo, mzee. Chini redio, makofi. Mzee akajibu marahaba, akauliza mama yake Luciana anaendeleaje, na ulezi wameuvuna, na mjomba aliyevunjika mguu anatembea? Luciana akajibu yote, ila nusu aliijibu akiwa ameachia kitufe, ikabidi arudie. Akafuata mbebaji wa kwanza. Akafuata wa pili. Wanunuzi wa mahindi, waliokuja na Asnath kutoka vijijini, wakapokezana redio ya mbebaji, kila mmoja na habari za familia yake. Nikabonyeza kitufe niwakatize, Mama Silvana akanitazama. Kisha yeye mwenyewe, mwenye kampuni, akashuka kwenye gunia, akaweka redio chini, akapiga goti. Mzee Kasimiri ni rika la baba yake. Makofi, marahaba, na habari za marehemu mume wake kwa kituo.

Saa kumi na dakika arobaini! Amebaki Leonsi, maana ndiye mdogo kuliko wote. Baadaye nimeambiwa alizima lori, akashuka, akachuchumaa kando ya barabara mbele ya watu akaipigia makofi redio iliyokuwa juu ya boneti.

Hatimaye Mzee akasema: haya wanangu, sasa kuhusu dagaa...

Kimya. Chaji imekwisha! Tangu Ijumaa redio ilikuwa imewashwa, Mzee alikaa nayo jiweni jioni nzima akilisikiliza ghala letu. Nilikuwa nimeandika habari ya kuzima kwenye ukurasa wa tano.

Wakati huohuo kabati likaimba. Jogoo. Mara moja, likanyamaza. Jogoo tena, likanyamaza. Asnath akageuka. Akauliza ile si simu ya Leonsi? Akaomba ufunguo. Nikamwambia ukaguzi haujakamilika. Akasema hizo ni bipu mbili, Mzee anamwambia Leonsi asishuke, nifungue au nimwambie Leonsi kwa redio yangu. Nikaona mtego! Nimpe ushindi kwa redio yangu mwenyewe? Nikabonyeza kitufe nikasema kwa sauti ya Msimamizi: Leonsi, kimya ni dalili ya ridhaa. Shuka!

Akajibu sawa bosi, akazima ili atunze chaji. Asnath alibonyeza redio yake mara nyingi akimwita, lakini Leonsi alikuwa ameshashuka.

Sijala.

Jumatatu, 9 Juni

Lori limerudi jana. Tupu. Limebeba samaki watatu tu, migebuka, zawadi kutoka kwa Mzee Kasimiri, na ujumbe kwamba amefurahi sana kusalimiwa na kampuni nzima, hajapata kusalimiwa vile tangu siku ya ubatizo wa mwanawe.

Mama Silvana hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Alinyoosha mkono nikamvulia ufunguo, rozari ikaja nayo, akanirudishia rozari. Simu zimegawiwa. Kila mmoja atawekewa laini inayoshika pale anapofanyia kazi, kwa mujibu wa daftari la kurasa arobaini na nane. Mzee Kasimiri na Leonsi watabipiana kama Asnath alivyosema. Mama alieleza kwamba bipu haipokelewi, na kisichopokelewa hakidai salamu, kwa hiyo hakuna atakayevunjiwa heshima. Salamu wataendelea kupeana jioni, kazi ikiisha. Luciana alimpigia Asnath makofi. Yale yenye goti.

Nikaomba nafasi ya pili. Mama akasema ipo, iko Wampembe.

Asnath amehamia chumba cha jua. Nilimbebea meza. Alinikaribisha chai, alikuwa mwema kwangu, na hilo ndilo limeniuma kuliko yote. Jua lilikuwa linaingia mpaka kwenye kikombe.

Rozina amefunga begi langu. Ameweka sweta mbili. Nikamwambia Wampembe ni joto. Akasema anajua, lakini mkono umezoea kunifungia hivyo. Nikatoka nje nikajifanya naangalia upepo.

Alhamisi, 26 Juni, Wampembe

Siku ya kumi na nne. Mzee Kasimiri ni mtu mwema. Anasalimia mpaka chai inapoa. Juzi amekwenda Sumbawanga kuwaona wajukuu, ameniachia kituo na simu ya kampuni. Kazi yangu ni moja: kila siku saa kumi nipande jiwe, nimbipu Leonsi. Moja aje, mbili asije. Kazi ya mtu mwenye akili kama zangu hii?

Lakini sikukaa bure. Nimefikiri, nikatembea ufukweni nikafikiri tena, na jana nimeipata! Redio haikuwa na kosa hata kidogo. Kosa lilikuwa mikono. Mtu ana mikono miwili, makofi yanaichukua yote, kitufe kinabaki yatima. Sasa mguu unafanya nini? Umekaa tu! Kitufe kikiunganishwa na pedeli ya cherehani, mtu atapiga makofi huku anakanyaga na kuzungumza. Pedeli nane, redio nane. Mama Silvana atalia machozi. Asnath atanibebea meza.

Jana saa tisa nikamfuata Christopha, fundi cherehani wa hapa. Ana pedeli moja ya ziada. Hakunikopesha kwa maneno, akataka rehani. Nikampa simu ya kampuni. Akasema kwanza aone kama ni nzima, tukapanda wote jiweni kwenye mtandao. Akapiga namba ya juu kabisa kwenye orodha ya zilizopigwa, ikaita mara moja, akakata. Nzima! Tukapeana mikono. Nikashuka na pedeli yangu begani, watu wakinitazama kwa heshima.

Leo nimeamka kabla ya wote kuchora mchoro. Ziwa limechafuka vibaya, siku ya nne hii, hakuna mtumbwi uliogusa maji. Nashukuru, kelele za soko hakuna, mtu anafikiri vizuri.

Nasikia lori linateremka kule juu. Ni la kwetu, honi yake naijua. Ajabu! Dagaa hakuna hata mmoja. Sasa hawa nani amewaita?

Huo mpango wa Asnath nilisema tangu mwanzo haufai.