Chafya Studioni

Jumatatu, 3 Machi
Nimeanza majaribio kwa mpiga picha. Kazi: kushika taa na kunyamaza. Kunyamaza ndiyo fani yangu. Pua haikusikia masharti. Bibi harusi alipotabasamu tu, chafya! Taa ikayumba, picha ikatoka ya dari. Mpiga picha kasema nikiharibu nyingine kabla ya Jumamosi, nitafute kazi isiyo na picha. Nimejibu "sawa, kaka" kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

Jumanne, 4 Machi
Mhalifu kapatikana. Ni manukato ya Dada Poda, anayewaremba wateja. Nimeyaficha nyuma ya pazia la bluu ambalo wateja husimama mbele yake. Huko nyuma nikapiga chafya mfululizo hadi pazia likacheza. Dada Poda akauliza tangu lini pazia lina mafua. Nikabana pua kwa vidole.

Jumatano, 5 Machi
Kibanio cha nguo puani. Mtoto aliyeletwa kupigwa picha akaniona, akaangua kilio. Mama yake naye alikuwa karibu kulia.

Alhamisi, 6 Machi
Shangazi kanikokota zahanati. Muuguzi akauliza kama nina homa. Sina. Macho yanawasha? Sana. Basi si mafua, akasema, ni mzio: pua yangu inaona vumbi, inatangaza vita. Kanipa dawa ya kupuliza puani kila siku, hata nikijisikia vizuri, maana haifanyi kazi papo hapo. Na nikae mbali na vumbi. Akauliza kazini kuna nguo gani ya siku nyingi isiyofuliwa.

Pazia! Maskini manukato.

Ijumaa, 7 Machi
Nimerudisha manukato na kuungama. Dada Poda kacheka hadi kope ya bandia ikamtoka. Kaniita jasusi wa mchongo, kisha akamwambia mpiga picha, kwa niaba yangu, kwamba pazia lazima liondoke. Likaondoka. Wateja mchana kutwa, taa imetulia kama mlingoti. Kazi ni yangu! Nimesema "asante, kaka" na safari hii kanisikia.

Jumapili, 16 Machi
Nimepona kabisa, kwa hiyo dawa nimeifungia kabatini. Pua nzima inapuliziwa nini? Pazia la bluu walitaka kulitupa, nikaliomba liwe kumbukumbu ya ushindi wangu. Zito, laini. Wiki nzima najifunika hilo hadi kichwani.

Ila tangu juzi macho yananiwasha, na leo nimepiga chafya hadi chai ikamwagika. Nayashuku mafuta ya nywele ya Shangazi. Akienda kuoga, nayaficha.