Kina Yosefu Watatu wa Ukoo Wetu

Jamani, leo nimeadhirika, tena mbele ya ukoo mzima. Naandika haya nikiwa nimejifungia chooni kwa Baba Mkubwa, huku Kipawa karibu na uwanja wa ndege, na kuna mtu anagonga mlango.

Mnajua kwetu sina sifa nzuri. (Wali wa kipaimara cha binamu yangu Festo niliuunguza mie. Sufuria zima.) Basi Babu Mnali aliponiita akaniambia, "Mjukuu wangu, niandikie watu wa ukoo wetu, nani kazaliwa na nani, kabla sijaondoka," nilikosa usingizi kwa furaha. Hatimaye mtu kaniamini! Baba Mdogo hakupenda. Akataka kazi apewe Festo, aliyesoma. Babu akasema nisikilizwe kwanza leo, kisha ukoo uamue.

Nikajituma kweli. Watoto wa wazazi wake Babu nilikuwa nao watatu: Babu Mnali mwenyewe na wadogo zake wawili, Babu Nanjota na Babu Likwata. Wote wazima, wote wanakula mihogo kunishinda. Ili nisikosee (hapa ndipo nilipojimaliza), nikamwomba Shangazi aliyebaki nyumbani Kusini aulizie parokiani. Akanitumia ujumbe wa sauti. Wazazi wale walipeleka watoto watatu kubatizwa, wote wa kiume. Wa kwanza Yosefu. Wa pili Yosefu. Wa tatu Yosefu.

Mie nikajumlisha. Watatu na watatu, sita. (Msiniulize.)

Sasa hao kina Yosefu wako wapi, mbona sijawahi kuwasikia? Jibu likanijia lenyewe: walikufa wachanga. Yule mama alizaa Yosefu, akamzika. Akazaa mwingine, akampa jina la marehemu, naye akamzika. Akajaribu tena! Nililia peke yangu mbele ya kompyuta mpaka jirani akaja kuniuliza nimefiwa na nani.

Leo baada ya pilau nikatundika bango ukutani. Watoto sita, watatu wana misalaba. Nikaanza kusimulia uchungu wa yule mama. Shangazi zangu wakavuta ncha za khanga kujifuta machozi. Hata Festo aliinamisha kichwa. Nikajiambia, hapa nimepita.

Ningeishia hapo, jamani. Ningekaa tu chini!

"Naomba tusimame dakika moja," nikasema, "tuwakumbuke kina Yosefu wetu."

Ukoo mzima ukasimama. Wale wazee watatu nao wakajiinua taratibu, wakavua kofia. Ndege ikapita juu ya bati ikinguruma, hakuna aliyeinua macho. Nikamaliza kwa sauti ya padri, "Wapumzike kwa amani." Watu wakaitikia amina, na Babu Nanjota aliitikia kwa nguvu kuliko wote.

Kisha Babu Mnali akanyoosha mkono.

"Mjukuu wangu, asante. Umetuombea vizuri sana. Ila tuambie, sie tulikufa na nini?"

Nikatabasamu. Nikadhani ni uzee. "Hapana Babu, nyie mko hai. Nawasema wale kina Yosefu."

"Ndiyo sie hao."

Nikageuka kuliangalia bango langu.

"Padri wa misheni alikuwa anawabatiza wavulana wote Yosefu," Babu akaeleza bila haraka. "Jina unaliacha kanisani, ukifika nyumbani unaitwa la kwenu. Mie mara ya mwisho kuitwa Yosefu, maji yalikuwa bado yananichuruzika kichwani."

"Sasa Babu, mbona hukunisimamisha?"

"Ulikuwa unasali. Mtu anakatizwa akisali?"

Babu Likwata alikuwa bado anautazama msalaba wake pale ukutani. Akauliza kwa upole kabisa, "Mie umeniua nikiwa nimeshaota meno, au bado?"

Hapo ndipo watu walipoangua kicheko. Bibi alicheka mpaka akashikiliwa asianguke. Mama yangu mzazi alijifunika uso kwa mtandio. Festo alikuwa amenyanyua simu, anarekodi na kurusha, na kwenye kundi la ukoo mtandaoni salamu za rambirambi zilishaanza kumiminika. "Poleni sana wafiwa." Wengine wanauliza mazishi ni lini!

Nilitamani ardhi ipasuke. Baba Mdogo naye hakunihurumia. "Si niliwaambia? Kazi apewe Festo." Na mie, kusema kweli, nilikuwa nimeshaanza kulikunja bango langu huku machozi yananilenga. Nafasi moja tu niliyopewa na ukoo huu, nami nimeitumia kumuua aliyenipa.

Babu akavaa kofia yake. "Aendelee huyuhuyu," akasema. "Ameshatuua, ameshatulilia. Kilichobaki ni kutuandika tu."

Kwa hiyo kazi bado ninayo. Naomba msinicheke, maana kesho naanza upande wa Bibi, na Shangazi kashanitumia ujumbe: ndugu saba, wote wanawake, wote Maria.