Jogoo wa Ubeti wa Pili

Riziki humjia kila mja kwa njia yake. Kuna anayeipata shambani, kuna anayeipata ofisini. Makhon Mia ilimkuta kwenye kiti cha kinyozi, shavu moja limenyolewa na la pili limejaa povu.

Kinyozi, Nirmal Shil, hakujua kwamba anagawa riziki. Alikuwa anapiga soga tu, wembe uko hewani.

"Haji Sikondor Ali karudi kutoka London kumwoza binti yake," alisema. "Anatafuta mtu mji mzima."

"Bwana harusi?"

"Bwana harusi yupo, kakaa kama gunia. Anatafuta mtunzi. Sikiliza."

Akatoa simu, akabonyeza. Ilisikika dotara, gambusi ya kwao, ikikwaruzwa na mtu asiye na haraka, na sauti nzito ya mwanamke ikaimba habari za mto unaoondoka kila siku bila kuaga. Nyuma yake kulikuwa na mafuta yanayochemka. Katikati ya ubeti wa pili jogoo akawika, kisha akakatiza ghafla, kama mtu aliyekumbuka ameacha maziwa jikoni. Wimbo ukaendelea, na kabla ya mwisho ukakatwa.

"Nyimbo arobaini kwenye mtandao, zote hivyo hivyo," alisema Nirmal. "Hazina jina, picha ni birika tu. Haji amezililia miaka miwili kwenye baridi ya Uingereza. Mtunzi akipatikana ataimba harusini Ijumaa, avikwe shali, apewe kinanda kipya cha harmoni na pesa taslimu laki mbili."

Makhon alifumba macho. Jina lake maana yake ni siagi, na watu wa mji wao, Sylhet, walikubaliana kwamba wazazi wake waliona mbali. Alikuwa amewahi kuwauzia watu watatu ng'ombe mmoja wa Idi, na ng'ombe mwenyewe alikuwa mali ya mtu wa nne. Lakini sasa hakuwa anawaza ng'ombe. Alikuwa anamuwaza jogoo. Sauti ile alikuwa akiisikia karibu kila asubuhi, akila pitha, vitumbua bapa vya unga wa mchele, chini ya daraja la mto Surma, kwa mjane mmoja aitwaye Joygun Bibi.

"Kaka Nirmal, nimalizie shavu hili upesi," alisema. "Mimi ni mtu wa sanaa, sina muda."

Saa mbili baadaye mbele ya kikaango cha Joygun Bibi alisimama bwana mmoja mwenye miwani mikubwa, tai ya kijani na faili lisilokuwa na kitu ndani.

"Assalamu alaikum, mama. Natoka Dhaka, Idara ya Kuhifadhi Nyimbo za Majumbani."

"Waalaikumu salamu, mwanangu. Dhaka ni mbali. Kula pitha kwanza."

Afisa akala. Alianza ukingoni, akazunguka polepole kama panya mwenye adabu, akaiacha kati. Joygun Bibi alimtazama, akageuza pitha nyingine.

"Tumezisikia nyimbo zako," alisema Makhon. "Serikali imelia. Tunazichukua zote arobaini, elfu tano taslimu, weka dole gumba hapa."

"Mtazifanyia nini?"

"Tutazitunza. Zitakaa kwenye kabati lenye kiyoyozi."

Mama alicheka kidogo. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, macho yake kwenye mafuta: "Na jina langu? Ubeti wa mwisho wa kila wimbo una jina langu, kama desturi. Huwa naukata kabla ya kuutuma, maana shemeji yangu alisema mjane anayeimba anaitia nyumba aibu. Lakini mkiwa na kabati, nilidhani labda huko ndani mngeliacha."

"Jina la nini, mama?" alisema Makhon, akijifuta mdomo. "Wimbo ni kama pitha. Anayekula haulizi nani kakaanga."

Pitha iliyokuwa kikaangoni ikaungua. Katika miaka ishirini ilikuwa ya kwanza. Neno lile lilimchoma mama kuliko mafuta yalivyowahi kumchoma, na tusijifanye halikumchoma. Aliitoa ile pitha nyeusi, akaiweka kando, akapokea pesa, akabonyeza dole gumba.

Jioni hiyo hiyo Makhon, sasa kavaa kanzu nyeupe na uso wa mtu aliyefunga siku tatu, alikuwa sebuleni kwa Haji Sikondor Ali. Haji alikuwa mtu mnene aliyevaa sweta katika joto lile, kwa mazoea tu.

"Wewe ndiye mtunzi? Lakini anayeimba ni mwanamke."

"Shangazi yangu, Haji. Maneno yangu, koo lake. Mimi nina haya."

"Na jogoo?"

Makhon hakuwa amejiandaa kwa jogoo. "Jogoo... ni wangu."

"Nilijua," alisema Haji, macho yakimlengalenga. "Anawika palepale, kila wimbo, ubeti wa pili. Mke wangu anasema ni bahati mbaya, mimi nasema ni utunzi. Ijumaa uje naye. Lingine: mbona unaukata ubeti wa jina? Wimbo usio na jina la mtunzi mwishoni ni maiti isiyo na sanda."

"Nimeuhifadhi, Haji, kwa atakayestahili kuusikia."

Haji alilia waziwazi, akaagiza chai.

Kesho yake asubuhi afisa wa Dhaka alirudi darajani, tai imeenda kombo. Idara, alieleza, ilihitaji ubeti mmoja wa jina, kwa ajili ya kumbukumbu. Na jogoo, kwa siku moja, kwa ajili ya uchunguzi.

"Ubeti wenye jina la nani?"

"La... mwandishi mmoja wa mfano. Tuseme, Makhon."

"Makhon," alisema Joygun Bibi. "Jina zuri. Linateleza. Ubeti elfu tano. Jogoo elfu kumi."

"Jogoo anazidi nyimbo arobaini?"

"Nyimbo nitatunga nyingine, mwanangu. Jogoo wangu Nawab yuko mmoja."

Makhon alilipa. Ilikuwa akiba yake yote ya ng'ombe wa Idi, lakini laki mbili zilikuwa zinamwita kwa jina. Mama akafumba macho, akakoroga unga, na kabla unga haujalainika ubeti ulikuwa tayari. Makhon akauandika mgongoni mwa faili, akausoma, akakunja uso.

"Mbona hapa anajiita mwizi?"

"Wewe ni wa idara ya nyimbo na hujui? Mtunzi akifika kwenye jina lake hujishusha. Mmoja hujiita mwendawazimu, mwingine mwenye dhambi. Anayejisifu kwenye ubeti wa jina, huyo ndiye watu humshuku."

Ilikuwa kweli. Makhon alikuwa amezisikia nyimbo za namna hiyo tangu tumboni.

"Na hapa anakataa tuzo, anasema apewe mama wa pitha."

"Hiyo ni ya kupatanisha vina tu. Lakini niambie wewe uliyesoma: tajiri akikataliwa pesa mbele ya wageni wake, hufanya nini?"

Makhon aliwaza. Alikuwa amewahi kuuza mwavuli mbovu kwa bei ya mzima kwa kukataa kuuuza mara tatu. Uso wake ukanawiri kama siagi kwenye sufuria.

"Huongeza," alisema.

"Mimi mkaanga pitha, sijui," alisema Joygun Bibi.

Ijumaa baada ya swala, uani kwa Haji palikuwa na wageni mia nne, ng'ombe wanne ndani ya masufuria, na nyuma ya pazia, kwenye moshi, mkaanga pitha aliyekodiwa na mke wa Haji. Makhon hakulijua hilo. Alikuwa jukwaani, dotara ya kuazima mkono huu, Nawab kwapani upande ule.

Aliimba vizuri, tumpe haki yake. Tapeli mzuri ana sikio zuri. Tatizo lilikuwa jogoo. Ubeti wa pili ulipofika, Haji aliinua kidole, wageni wakashika pumzi, na Nawab akamtazama Makhon kwa dharau. Makhon akamfinya. Nawab akaichafua kanzu. Akamfinya tena, jogoo akafungua mbawa na kumfunika uso mzima, na simu zote zilizokuwa zinarekodi zikapata picha ya kilemba, manyoya na dotara.

"Anaona haya kama mwenyewe," Haji aliwanong'oneza wakwe zake.

Basi Makhon akakimbilia ubeti wa jina, akauimba kwa majonzi hata mpishi wa pilau akaacha mwiko:

*Makhon asema ni mwizi, nimeimba cha mwenzangu,*
*Tuzo zenu siziwezi, si halali hizo kwangu,*
*Apewe mama mjuzi, wa pitha, jirani yangu,*
*Vumbi lenu ni azizi, la miguu, ndugu zangu.*

Ua mzima uliguna kwa kuguswa. Wazee walitikisa vichwa. Haji alisimama, machozi yamelowesha sweta.

"Nilikuwa nimeandaa laki mbili," alisema. "Nimeusikia ubeti huu, nimeona aibu. Nimezifanya tatu."

Moyo wa Makhon uliruka kichura. Lakini fundi haachi kanuni za kazi yake. Akainamisha kichwa, akaweka mkono kifuani. "Hapana, Haji. Hapana. Sistahili."

"Usiseme tena, ndugu yangu," alisema Haji. "Umekataa kwa wimbo, umekataa kwa mdomo, mbele ya watu mia nne. Mimi si mtu wa kumtia mcha Mungu haramu tumboni. Nani anakaanga pitha hapa?"

Pazia likafunguka. Joygun Bibi akatoka, anajifuta mikono kwa ncha ya sari, unga puani. Makhon alimwona, na kinywa kilichowauzia watu watatu ng'ombe mmoja kikakosa neno hata la kuuza kuku. Mama akavikwa shali. Akakabidhiwa bahasha. Harmoni ikawekwa mbele yake, inang'aa kama bibi harusi wa pili.

"Na mtunzi wetu naye apate alichoomba," alisema Haji. "Vumbi la miguu. Pangeni mstari, jamani. Wazee kwanza."

Wakapanga. Makhon akainama, akagusa mguu wa babu wa bwana harusi, akajipaka vumbi lake kichwani kama desturi ya heshima, akainuka, akabarikiwa. Akainama tena. Wageni walikuwa mia nne, na kila mmoja ana miguu miwili.

Alipofika kama mguu wa sabini alimsikia Haji akiuliza, "Mama, harmoni hii utaiweza, au tukuuzie?"

"Kidogo," alisema Joygun Bibi. "Lakini naomba mchele mbichi, gao moja."

Vidole vyake vilivyozoea mafuta vilipapasa vitufe. Sauti nzito ikatoka. Kwenye neno la kwanza Haji aliacha kutafuna tambuu. Ubeti wa pili ulipofika, mama, bila kusita kuimba, akarusha mchele chini, kama alivyozoea kila siku akitaka Nawab asimsumbue. Nawab, aliyeachwa jukwaani, akawika kwa fahari ya sultani, akakatiza ghafla, akashuka kula.

"Ni yeye," alisema Haji. "Ni yeye mwenyewe."

Joygun Bibi alifika mwisho wa wimbo, mahali ambapo kila siku alikuwa akibonyeza simu na kukata. Tangu aanze kutunga hakuna sikio la mtu lililowahi kupita hapo. Alikuwa na hofu, na alikuwa na furaha, na furaha ilikuwa kubwa zaidi.

*Ni Joygun mama wa pitha, wimbo huu ndio wangu,*
*Jina nililolificha, lijueni, walimwengu.*

Kisha mtu mmoja upande wa pili akasimama juu ya kiti na kupaza sauti, "Huyo ni shemeji yangu! Wa damu kabisa!" Ndiye yule yule wa aibu ya nyumba.

Haji alimgeukia Makhon, aliyekuwa ameshika mguu wa mgeni fulani na hataki kuuachia.

"Kumbe ulikuwa unasema kweli," alisema Haji. "Mwizi kabisa."

"Tumwitie polisi?" aliuliza mkwe mmoja.

"Watamfanya nini? Amekiri hadharani, kwa vina, na amekataa mali. Amalize mstari tu."

Magharibi ilipokaribia, Makhon alitambaa hadi jikoni, mgongo umekataa kunyooka. Joygun Bibi alimpa pitha ya moto na maji.

"Mama, ulinijuaje?"

"Afisa gani wa Dhaka anaanza pitha ukingoni na kuacha kati? Nakuuzia mwaka wa sita huu. Kula basi. Na ubeti ule ni wako, ulilipa. Mimi sitauimba."

Hakuuimba yeye. Uliimbwa na simu mia nne. Kufikia Jumapili jina la mama wa pitha lilikuwa midomoni mwa Sylhet nzima, na kipande cha video cha mtakatifu asiyejulikana sura, yule mwenye jogoo usoni anayekataa laki tatu, kilikuwa kimeshafika mpaka wa nchi.

Jumatatu Makhon alipanda treni ya Chattogram, kwenda kuanza upya. Mungu ni mwema: mbele yake alikaa mfanyabiashara wa samaki wakavu, pete tatu vidoleni, bahasha nene mfukoni. Makhon akavaa miwani yake.

"Assalamu alaikum, bwana. Mimi natoka idara ya..."

"Ngoja kwanza, kaka, nimalize hii," alisema yule bwana, simu sikioni, machozi mashavuni. "Umemsikia huyu Makhon? Anajiita mwizi, maskini, na pesa kazikataa. Mtu kama huyo ningekutana naye, bahasha hii yote ningemwachia palepale."

Makhon alishika moyo. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, biashara ilimtaka aseme kweli tupu. Akavua miwani, akaketi wima kadiri mgongo ulivyomruhusu.

"Bwana," alisema, "Makhon ni mimi."

Mfanyabiashara alimkagua kuanzia kilemba hadi ndara. Kisha akaichukua bahasha yake, akaihamishia mfuko wa ndani, akafunga kifungo.

"Matapeli mmejaa kila treni," alisema. "Haya, kama wewe ni Makhon, jogoo yuko wapi?"