Asajile na Kipepeo Kilichogeuzwa

Duniani kulikuwa na mafundi wawili tu wa maji: Mungu, aliyechimba Mto Kiwira, na Asajile wa kijijini kwetu Nkunga. Hayo alisema Asajile mwenyewe, tena kwa sauti ya kuonyesha kwamba Mungu ameshika nafasi ya pili!

Mwaka 1996 kiwanda chetu cha chai kiliuzwa kwa mtu binafsi. Meneja mpya, Bwana Rahim, akatangaza kupunguza watu. Mafundi bomba walikuwa wawili, Asajile na Lukasi. Alitaka mmoja tu.

Lukasi alikuwa na watoto wengi kuliko maneno. Asajile alikuwa na suti ya kaki na sifa za Kitwe, Zambia, alikokaa mgodini miaka minne. Ni kweli, mgodini alifika. Alikuwa akiuza maandazi getini!

Siku ya mtihani, meneja akaleta valvu mpya ya kipepeo, yenye sahani ya chuma katikati inayogeuka kufungua na kuzuia maji. Atakayeipachika vizuri kwenye bomba kubwa litokalo kwenye tangi la mlimani, huyo ndiye fundi wetu.

Asajile akanyakua spana kama mkuki.

"Mwenzangu," Lukasi akasema taratibu, "ubavuni pana mshale. Maji yapite unakoelekea."

"Mshale!" Asajile akacheka mpaka wachumaji wa chai wakasogea kuangalia. "Huo ni urembo wa kiwandani! Kipepeo huruka kokote, mbele na nyuma!"

"Umewahi kumwona kipepeo akiruka kinyumenyume?"

"Wewe Kitwe umefika?"

Asajile akaipachika valvu, mshale ukitazama mlimani maji yanakotoka. Akakaza nati, akaifunga valvu, kisha akachuchumaa mbele ya mdomo wa bomba, uso karibu kabisa.

"Bwana Meneja, amuru wafungulie tangi! Likipita tone moja, mnifukuze!"

Meneja akapunga mkono. Maji yakateremka mlima mzima kwa hasira. Yangetoka upande uliotakiwa, yangeigandamiza sahani kwenye raba yake ya kuzibia, ikazidi kubana. Badala yake yakaikuta kwa nyuma, yakaisukuma ikaachana na raba.

Fyuuu!

Asajile alipigwa usoni, akaenda chali! Akainuka, akakumbatia bomba kwa mikono miwili. Maji yakamwingia mkono wa koti yakatokea kwenye kola!

"Ni jasho la bomba!" akapiga kelele. "Litakauka!"

"Funga tangi," meneja akasema.

Lukasi akafungua nati, akageuza valvu, akakaza. Tangi likafunguliwa tena. Meneja akapitisha leso mdomoni mwa bomba. Kavu!

"Lukasi, kesho saa moja uwe kazini."

Asajile akasimama, maji yakimchuruzika. Nusura nimwonee huruma.

"Na mimi, Bwana Meneja?"

"Kazi ipo. Shambani, kwa mama Tupokigwe."

Tupokigwe ndiye nyapara wa wachumaji. Kesho yake asubuhi alimweleza Asajile: majani mawili na chipukizi, basi. Asajile akamkatiza kwamba chai ameichuma sana, tena Malawi!

Saa nne akarudi, kikapu kimefurika, kifua mbele. Tupokigwe akakimimina chini, akapekua kwa kidole, akainua jani moja pana.

"Ee baba," akauliza, "hili la mpera nalo ni chai ya Malawi?"