Amino ya Mtani

Taifodi ilipolegeza miguu ya watu Handeni, Clinton aliona riziki. Alinunua unga wa lishe Korogwe, akautia kwenye makopo yenye picha ya mtu mwenye misuli kama viazi vikuu, akavaa koti jeupe na jina jipya: Daktari Masanja, Msukuma wa Mwanza. Dawa iliyotoka mbali huaminika upesi.

Akamkuta Sufiani, mpasua mbao, ameegemea mlango wa bibi yake. Kunyanyua kikombe tu kulimtoa jasho.

"Bakteria wamekula amino asidi zako," Clinton alisema. "Misuli haina matofali ya kujijengea."

"Asidi? Ile ya betri?"

"Hiyo ya gari, hii ya binadamu. Acha vidonge vya hospitali, vinagombana na dawa hii. Kopo moja, mbuzi mmoja."

Kuhusu matofali hakukosea sana. Ila matofali hayo yamo hata kwenye maharage, na kuacha vidonge kabla ya dozi kwisha ni kuwakaribisha bakteria upya, tena kwa chai.

Mbuzi wao alikuwa huyo huyo mmoja, wa maziwa. Lakini Sufiani alitamani kurudi kazini. Alikwisha kumkabidhi Clinton kamba ya mbuzi, na vidonge viko mkononi tayari kutupwa, bibi yake, Bi Hamisa, alipotoka jikoni.

"Shikamoo, bibi. Mimi Daktari Masanja, wa Mwanza."

"Marahaba. Msukuma?"

"Msukuma kabisa!"

Bibi akapiga kigelegele. "Mtani wangu huyo! Wazigua njooni!" Akamvua koti, akalivaa yeye. Akatwaa begi la makopo, akalikalia. Majirani wakajaa uani wakicheka, maana Wazigua na Wasukuma ni watani wa jadi, na mtani akichukua chako, kununa ni aibu.

"Lete kamba ya mbuzi. Na viatu!"

"Bibi, basi! Mimi siyo Msukuma sana..."

"Upande upi? Wa baba au wa mama?"

"Hakuna upande! Mimi Mzigua! Mzigua wa Kwamsisi!"

Kicheko kikakatika. Sufiani akarudisha vidonge mfukoni taratibu.

"Kumbe mjukuu wangu!" Bi Hamisa akasema. "Sasa mbona unamuuzia nduguyo dawa? Ndugu akiugua, ndugu humshikia kazi."

Jirani Iddy, aliyekuwa ameziba njia ya kutokea, akaokota msumeno wa Sufiani, ule wa kuvutwa na watu wawili, na kumpa Clinton upande mmoja.

Jua lilipozama, mbao zote za wateja wa Sufiani zilikuwa zimepasuliwa, na Clinton amelala chali kwenye unga wa mbao, hawezi kunyanyua kikombe, bila bakteria hata mmoja wa taifodi mwilini.