Mchanga Uliofukuzwa Tangini

Ndugu Mwenye Nyumba,

Nakusalimu kwa mkono wa baridi, na sababu yake utaisoma humu. Mimi ni yule mzee wa chini, mlango wa kushoto. Naandika kwa adabu zote kulalamikia kusafishwa kwa tangi langu la maji ya moto.

1. Fundi bomba uliyemtuma alikuja bila taarifa. Akazima umeme, akafunga maji, akasubiri tangi lipoe, kisha akaunga mpira wa maji chini yake na kuutoa nje mchanga wote uliokuwa umelala humo. Mchanga ule, ndugu yangu, ulikuwemo kabla yangu. Sisi wengine tunajua maana ya kuambiwa toka, na chai yako bado iko mezani. Nilipouliza unapelekwa wapi, nikajibiwa, "Mzee wangu, huu si uchafu tu?" Nami niliwahi kuitwa uchafu, nilipoulizwa nimetoka wapi kwenye dirisha la ofisi moja ya uhamiaji, na mtu mwenye kalamu nzuri sana.

2. Kila alfajiri, tangi lilipopata moto, mchanga huo ulinguruma na kugongagonga. Fundi anasema ni ubovu. Mimi nasema ni mtu jikoni. Tangu marehemu mke wangu aache kunigongea masufuria, tangi ndilo lililokuwa likiniamsha. Sasa nyumba iko kimya, nami nachelewa kuamka kwa kukosa wa kunikasirisha.

3. Ndani mlikuwa na fimbo ya madini ambayo kazi yake, kwa maelezo ya fundi mwenyewe, ni kuliwa na kutu ili tangi lisiliwe. Ilikuwa imebaki waya. Akaitupa ndooni, akatia nyingine, hata pole hakusema. Mtumishi wa namna hiyo kwingine hupewa pensheni.

4. Kwa hiyo naomba mchanga urudishwe tangini, wote, na utambuliwe rasmi kuwa mpangaji. Tena, kwa kuwa umekaa hapa kutuzidi sote, uwe mwenyekiti wa mkutano wa wapangaji. Aliyepo hata kunguruma hawezi.

Mpaka urudishwe, naoga maji baridi kwa kupinga, na kikohozi changu kitakuwa juu yako.

Nisalimie mama watoto, wakwe zako, na fundi pia, ingawa hastahili.

Ni mimi, mpangaji wako mwenye uchungu,
Mzee wa Mlango wa Kushoto

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, baridi ilinizidi nikafungua bomba la moto, kwa uchunguzi tu. Nimeoga mpaka vidole vikakunjamana. Kisha nikatoka kuutafuta ule mchanga niutake radhi. Kumbe fundi aliumwaga katika kile kishimo cha mlangoni nilichokuwa nikijikwaa kila siku. Umeshikamana vizuri. Watu wanapita juu yake na hakuna anayeuliza umetoka wapi. Mwakani mtume fundi mapema. Na huo mchanga, tafadhali, usiurudishe. Umeshafika.